Fundi Sikio na Gari la Mama Mkwe

Jina la Sikio alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye. Alikuwa fundi wa redio na spika za magari, mtu wa miaka hamsini na saba mwenye kitambi cha wastani. Banda lake lilikuwa la tatu katika safu ya mabanda ya bati nyuma ya kituo cha mafuta, katikati ya fundi wa matairi na mpiga rangi. Mteja akiingia kuulizia spika, Sikio hakukimbilia kujibu. Alifumba macho, akainua kidole, akasema, "Subiri. Umesikia?" Mteja akasema hajasikia kitu. "Basi," Sikio akasema kwa masikitiko, kama daktari aliyepata alichokuwa anakihofia. "Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Ili umwelewe Sikio, inabidi kwanza ukifahamu kitu kidogo kinachoitwa krosova, na usiogope, hata mkewe alikielewa huku anamenya vitunguu. Spika nzuri za gari huja kwa vipande. Ile kubwa, wufa, hukaa chini mlangoni na kuimba sauti nzito. Ile ndogo, twita, yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa, hukaa juu karibu na kioo cha pembeni na kuimba sauti nyembamba. Krosova ndiyo inayosimama katikati na kugawa: nzito huku, nyembamba kule. Ipo ya aina mbili. Ya kwanza mafundi huiita pasivu. Ni kisanduku cha plastiki chenye koili za waya wa shaba na kapasita mbili tatu, na unakikuta humo humo ndani ya boksi la spika. Unakifunga baada ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, kinagawa sauti, basi. Hakidai umeme wake, hakina menyu, hakikuulizi swali. Aliyekitengeneza kiwandani ameshakuamulia karibu kila kitu. Ya pili ni aktivu. Hiyo hugawa sauti mapema, kabla haijafika kwenye amplifaya, kisha kila spika inapewa mkondo wake peke yake. Hapo fundi ndiye bwana: anaamua nzito ikomee wapi, nyembamba ianzie wapi, twita ilie kwa nguvu gani, na spika ya karibu isubiri kiasi gani ili sauti yake ifike pamoja na ile ya mbali.

Sasa, kati ya kuamua na kuamuliwa, unadhani Sikio alichagua nini?

Visanduku vya pasivu alivichukia kama vile vilimtukana mama yake. Kila alipofungua boksi la spika mpya alikitoa kile kisanduku kwa ncha za vidole viwili na kukitupa kwenye kapu chini ya meza. "Uamuzi wa mtu usiyemjua," aliwaambia wateja, "aliyekaa kwenye chumba usichokijua, akiwaza gari ambalo si lako. Utakubali mtu huyo akuchagulie mke?" Wateja wengi walitikisa vichwa, maana swali lilikuwa limekaa vibaya kwa mtu aliyekuja tu kufungiwa redio.

Mkewe alikuwa fundi wa miwani mjini, mwanamke mpole mwenye ulimi uliochongoka. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tisa. "Mimi nimepanda gari la mume wangu tangu tuoane," alipenda kuwaambia wageni, "na sijawahi kufika kwenye ubeti wa tatu wa wimbo wowote." Ilikuwa kweli tupu. Wimbo ukianza, Sikio alisimamisha gari pembeni, akapunguza hiki, akaongeza kile, akaurudisha mwanzo. Mara nyingine hata wimbo haukuwepo. Alipiga ile sauti ya kupimia, shiii ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho, na mkewe akakaa kiti cha pembeni na mkoba mapajani kama mtu aliyealikwa kwenda kusikiliza birika.

Basi mambo yalianza siku mama mkwe alipoleta gari.

Mama mkwe huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mfupi, mnyoofu wa mgongo, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka thelathini na moja kabla hajapewa ofisi. Udereva alijifunza akiwa na miaka sitini na sita, akanunua kigari cheupe, akaweka mto juu ya kiti ili aione barabara. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya ya walimu wastaafu, watu kumi na mmoja ambao meno yao yangewatosha watu wanane.

"Shikamoo, mama," Sikio akasema, akifuta mikono haraka haraka.

"Marahaba, mkwe wangu. Nimekuletea kazi. Msomaji wa habari humu ndani anaongea kama amejifunika blanketi. Nataka nimsikie. Na kwaya yangu nimeirekodi, nataka nijue ni nani kati yao anayefungua mdomo bila kuimba."

"Ni hayo tu, mama?"

"Ni hayo tu."

Kwa fundi mwingine ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na Sikio kwa miaka yote ile alikuwa na dukuduku moyoni kwamba bibi huyo alimhesabu kama mtu anayecheza na redio. Hii ilikuwa nafasi yake. Alivua makava ya milango yote, akabandika sponji na mpira wa kuzuia mtetemo, akafunga amplifaya ya njia nne chini ya kiti, akaweka redio mpya yenye krosova ya aktivu ndani yake. Asubuhi moja ikawa siku sita. Mama mkwe alikwenda sokoni kwa miguu na hakulalamika, jambo lililomtia Sikio wasiwasi kuliko kama angelalamika.

Siku ya saba alimketisha kwenye mto wake na kumwonyesha menyu ya redio, ukurasa baada ya ukurasa, namba juu ya namba.

"Kwa hiyo haya yote redio imeyakariri?" mama mkwe akauliza.

"Yote, mama. Kila spika na kazi yake."

"Na ikisahau?"

"Haisahau."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma kidogo. Alikuwa amepokea kila aina ya kiumbe darasani mwake, na bado hajakutana na kisichosahau. Kisha akawasha habari.

Msomaji alitoka kwenye blanketi lake, hilo halikuwa na ubishi. Alisikika katikati ya kioo cha mbele kana kwamba amekaa juu ya boneti. Mama mkwe alisikiliza dakika nzima, mikono juu ya usukani.

"Mkwe. Huyu mtu mbona anakaanga?"

"Anakaanga nini, mama?"

"Kila akifika kwenye 'sa' anakaanga. Siasa, sasa, Jumamosi. Kama mtu ametia maji kwenye mafuta ya moto."

Sikio akatabasamu lile tabasamu lake la subira. "Hayo ndiyo tunayaita maelezo, mama. Undani wa sauti. Ulikuwa umeukosa siku nyingi, sasa umeupata. Masikio yatazoea."

Mama mkwe alishukuru, kwa sababu mkwe hushukuriwa, akaondoka taratibu na kijigari chake kinachokaanga.

Jumapili iliyofuata Sikio na mkewe walikwenda kumsalimia. Gari lilikuwa uani. Sikio, ambaye hakuweza kupita karibu na kazi yake bila kuichungulia kama mzazi anavyochungulia kitanda cha mtoto, alibana uso kwenye kioo, akaruka nyuma. Twita zake mbili, zile alizozipima kwa kamba na kuzielekeza kwa nyuzi kamili, zilikuwa zimevaa kofia. Kofia ndogo za sufu, zimefumwa kwa mkono, moja ya kijani, moja ya njano, zimekazwa kwa uzi chini.

"Mama," alisema alipoingia ndani. "Twita..."

"Zilikuwa zinaona baridi," mama mkwe akasema, akimsogezea kiti.

Mkewe aliomba radhi, akakimbilia jikoni, na kwa muda mrefu kilichosikika kutoka huko kilikuwa kama mtu anayekohoa ndani ya taulo.

Sikio alinuna wiki mbili. Angenuna zaidi, lakini betri ya gari la mama mkwe ilikufa. Bibi wa watu alimwita fundi betri wa jirani, akaja, akatoa ya zamani, akaweka mpya, akafunga, akaenda zake. Hakukosea chochote. Ila katika zile dakika tano ambazo gari lilikaa bila umeme, redio ilisahau. Ilisahau wufa ni nani na twita ni nani, ilisahau nzito inakomea wapi, ilirudi kama ilivyotoka kiwandani, tupu kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule. Mama mkwe akawasha rekodi ya kwaya yake. Redio ikaipa kila spika kila kitu. Wufa hazikujali. Lakini zile twita changa, zilizoumbwa kwa ajili ya kengele na manyanga, zilishushiwa sauti ya mwalimu mstaafu wa hesabu, mwimbaji wa besi, mtu wa kilo mia moja na kumi. Zilikoroma mara mbili. Kofia ya kijani ikaanza kutoa moshi.

Mama mkwe alizima gari, akashuka, akaizamisha ile kofia kwenye ndoo ya maji, kisha akapiga simu.

"Mkwe wangu," alisema, "redio imesahau."

Akakata simu.

Sikio alifika ndani ya nusu saa, mkewe akiwa pembeni, mfuko wa vifaa nyuma. Alijua vizuri sana kosa lilikuwa wapi. Mafundi wengi wakifunga aktivu huweka kapasita moja ndogo kwenye waya wa twita, kama mlinzi, ili siku mambo yakiharibika sauti nzito isipite. Yeye hakuweka. Aliwahi kuwaambia watu kwa kinywa kipana kwamba kapasita ni uchafu kwenye maji safi. Sasa alishika mkononi twita mbili zinazonuka, na kwaya ilikuwa na mazoezi saa tisa.

Twita za akiba alikuwa nazo. Muda wa kupanga namba zote upya hakuwa nao. Akapekua mfuko na kukuta, chini kabisa, jozi ya visanduku vya pasivu ya seti nyingine iliyolingana na hii. Ilikuwa imeingia humo kwa ajili ya kuegemezea milango isijifunge. Akaitazama kama mtu anayetazama dawa chungu.

"Ni kwa leo tu, mama," akasema.

Alifunga kwa dakika arobaini. Mama mkwe akakaa kwenye mto, mkewe nyuma, Sikio pembeni. Habari zilikuwa hewani. Msomaji akasema kuhusu siasa, kuhusu shule, kuhusu mashamba ya pamba.

"Aa," mama mkwe akasema taratibu. "Sasa huyu ni mtu."

"Sauti safi," mkewe akaunga mkono kutoka nyuma.

Sikio aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Safi vipi? Twita hazilii kabisa. Nimekosea waya." Akainama, akabandika sikio la kulia kwenye twita ya upande wake. Hakuridhika. Akageuka, akabandika la kushoto. "Kuna kitu kwa mbali, lakini ni kama zimevaa kofia."

Mama mkwe aliangalia kwenye kioo cha ndani, macho yake yakakutana na ya binti yake, na binti akayashusha.

"Mkwe," mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa ile ya gari, ilikuwa ile ya darasani. "Twende ndani kidogo."

Akamkalisha kwenye meza ya kulia chakula. Akampa karatasi yenye mistari na kalamu. Kwa miaka yote ile ya kufundisha, alieleza akiwa anatafuta miwani yake, kila mwaka alikuwa na mtoto mmoja au wawili walioitwa wazembe, na baadaye ikaonekana hawakuwa wazembe, walikuwa hawasikii. Kwa hiyo alikuwa na imla yake. Maneno ishirini. Mtoto anakaa, mwalimu anasimama nyuma yake, anafunika mdomo kwa daftari, anasema kwa sauti ya kawaida.

"Mama, mimi ni fundi wa sauti."

"Najua. Andika. Moja."

Sikio akaandika. Mwanzoni aliandika kwa mbwembwe, akizungusha mkia wa kila herufi. Kufika neno la sita alikuwa ameinamisha kichwa upande. Kufika la kumi na mbili alikuwa ameacha mbwembwe. Nje jirani alikuwa anapiga zulia fimbo, na kila pigo Sikio alilisikia barabara, na hilo ndilo lililomchanganya: alisikia kila kitu. Alisikia zulia, alisikia kiti kikilia, alisikia pumzi zake mwenyewe. Ila maneno mengine yalimjia yamefutwa mwanzo, kama maandishi yaliyopitiwa na kidole chenye maji.

Mama mkwe alichukua karatasi na kutoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Kustaafu alistaafu, ila ile kalamu hakuirudisha. Alisahihisha kwa utulivu. Aliposema thamani, mkwe ameandika samani. Aliposema fisi, mkwe ameandika sisi. Suka imekuwa fuka. Saa imekuwa faa. Chini akaandika: kumi na moja kati ya ishirini. Halafu, kwa mazoea ya miaka mingi, akaongeza: Jitahidi.

Sikio aliisoma mara mbili. Akainuka, akasema ahsante mama, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye gari lake na kufunga mlango. Hakuwasha kitu.

Mkewe alimpa kama robo saa, kisha akaja kukaa kiti cha pembeni.

"Ulijua?" Sikio akauliza.

"Mimi kazi yangu ni miwani," mkewe akasema. "Kila siku nakaa na watu wanaosogeza gazeti mbali na kuniambia siku hizi magazeti yanachapishwa vibaya. Nitakosa kujua?"

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia. Mara tatu." Akamshika mkono. "Hukusikia."

Sikio alitaka kukasirika, akajaribu kabisa, uso ukaanza kukaza. Halafu kitu kikamponyoka kifuani na akajikuta anacheka, na kicheko kikaenda mbele kidogo kuliko alivyokusudia, mpaka akalazimika kupangusa macho kwa kona ya shati. Mkewe aliangalia nje, upande wa jirani na zulia lake, akamwachia muda.

Daktari wa masikio alithibitisha kwa mashine yale ambayo mama mkwe aliyapata kwa daftari. Sauti za chini na za kati zilikuwa salama. Zile nyembamba kabisa za juu zilikuwa zimeondoka, sehemu kwa ajili ya umri, sehemu kwa ajili ya miaka thelathini ya kukaa na kichwa karibu na twita zinazopiga kelele. Hazirudi. Zilizobaki zitunzwe. Daktari alimpa vizibo vya masikio na kumwonyesha mchoro: mstari unaotembea vizuri, halafu, kuelekea kulia, unashuka kama mtu aliyekosa ngazi.

Sikio aliutazama ule mchoro na mara akaelewa jambo lililomtia baridi. Kila gari alilolifunga aktivu, yeye ndiye aliyeamua twita ilie kiasi gani. Na aliamua kwa masikio haya. Alipoona sauti imefifia, akaongeza. Wale wateja waliorudi wakikunja uso, wale aliowaambia masikio yatazoea, hawakuwa na masikio mabovu hata kidogo.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake, fundi wa matairi, mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Sikio akamweleza yote, akamalizia kwa kusema kwamba sasa inabidi awatafute wateja wake, mmoja mmoja, awarekebishie.

Fundi wa matairi alikuwa anaangalia ardhi na kukwaruza tairi kwa ukucha.

"Kaka," alisema, "usihangaike sana."

"Kwa nini?"

"Wakitoka kwako wanapita kwangu."

"Kwako? Kufanya nini?"

"Kupunguza." Jamaa alijikuna shingo. "Mimi sijui mambo yako ya krosova. Ila ile menyu nimeshaizoea. Pale panaposema twita, nashusha nne. Wakinipa soda napokea, wasiponipa basi. Tangu mwaka juzi, kaka. Nilidhani unajua."

Sikio alikaa juu ya tairi moja. Alikuwa tayari kupokea aibu, lakini si aibu ya ukubwa huo. Akauliza, "Nne?"

"Wengine tano," fundi wa matairi akasema kwa upole. "Yule mpima ardhi, sita."

Baada ya hapo Sikio alifunga banda siku tatu. Mkewe hakumsumbua. Siku ya nne alikuwa amekaa kibarazani akiwaza kama ahamie kwenye kufunga vioo vya giza, kazi isiyotaka sikio, mara kigari cheupe kikasimama mbele ya nyumba na mama mkwe akashuka, mto kwapani.

"Nasikia umefunga," alisema, hata kabla ya shikamoo.

"Mama, fundi wa sauti asiyesikia..."

"Nilikuwa na mwalimu wa muziki shuleni kwangu aliyekuwa hawezi kuimba noti moja sawasawa. Tulikuwa tunamwomba asiimbe. Lakini alijua kwa nini wimbo unakwenda vibaya, na wengine tulijua tu kwamba unakwenda vibaya. Hivyo ni vitu viwili." Akaweka mto juu ya kiti kingine, akakaa. "Wewe unajua kwa nini. Mimi nasikia. Nina nafasi Jumanne na Ijumaa asubuhi."

Ilichukua muda Sikio kuelewa kwamba anaombwa kazi, au anapewa, haikuwa wazi.

Jumanne iliyofuata, wateja walimkuta bibi mdogo mwenye daftari kwenye kiti cha dereva cha gari la mpima ardhi, akiwa ametulia kama msimamizi wa mtihani. Sikio alikuwa pembeni na menyu ya redio. Ikapigwa sauti ya kupimia, mama mkwe akaisikiliza na kusema, "Mvua hii inanyesha zaidi upande wangu," na Sikio akachelewesha spika ya karibu mpaka mvua ikahamia katikati. Ukapigwa wimbo, akasema, "Kinanda kizuri, lakini huyu dada ana mafua," na Sikio, ambaye kinadharia alijua mafua hukaa wapi, akatafuta mahali wufa na twita zinapopokezana, akasogeza, na dada akapona. Mambo hayo pasivu isingeyaweza, na moyoni Sikio alijisikia mtu tena. Ilipofika zamu ya nguvu ya twita alikabidhi uamuzi wote, akatii. Kila gari lilitoka na alama kwa wino mwekundu kwenye kikaratasi, na wateja wakaanza kuvibandika kwenye dashibodi. Dereva mmoja wa gari la shule alipata sita akarudi mwenyewe wiki iliyofuata kuomba mtihani wa marudio.

Na kila waya wa twita, tangu siku hiyo, uliwekewa mlinzi wake wa kapasita.

Baada ya mwezi Sikio aliomba ruhusa ya kurudi kwenye gari la mama mkwe mwenyewe. Aliomba kwa adabu, akiwa ameshika kofia yake mkononi. Akapanga aktivu upya, na safari hii mama mkwe ndiye aliyeamua kila kitu cha juu, akasikiliza kwaya yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akagundua anayefungua mdomo bila kuimba. Alikuwa mwalimu wa hesabu, ubeti wa pili wote.

"Tisa," alisema.

"Kati ya kumi?" Sikio akauliza.

"Kati ya kumi. Vile visanduku vyako nilivipa saba."

Sikio akavimba kama andazi. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa naye katika miaka ishirini na tisa.

"Sasa nirudishie visanduku," mama mkwe akasema.

"Mama! Umesema tisa!"

"Ni tisa. Lakini tisa hii inabidi ikumbuke kila kitu, na ikisahau inabidi nikuite. Saba yangu haina cha kukumbuka. Mimi na umri huu nina ya kutosha ya kukumbuka." Akampigapiga mkononi. "Hizo tisa wape wenye subira. Wewe ni mzuri sana kwa wenye subira."

Aliirudisha pasivu. Alifanya kazi safi, akavipachika visanduku kwa skrubu nne kila kimoja, mahali pakavu, nyaya zikiwa zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi, na mama mkwe alipokagua hakukuta cha kusahihisha.

Siku hizi mteja akiuliza ipi bora, pasivu au aktivu, Sikio hafumbi macho wala hainui kidole. Anauliza gari linaendeshwa na nani, na je, mtu huyo anapenda kuchezea vitu au anapenda kufika. Kisha anaangalia kama ni Jumanne au Ijumaa.

Ijumaa iliyopita walikuwa kwenye gari la daktari wa mifugo, gari lenye nywele za mbuzi kwenye kila kona. Mama mkwe alikuwa usukani, daftari limefunguka.

"Kushoto imepanda kidogo," alisema.

Sikio akashusha nusu. "Hapa?"

"Bado."

Akashusha nusu nyingine. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Wimbo ulikuwa ule ule, mzuri, mtulivu, na nyuzi za gitaa lake alizisikia mpaka pale masikio yake yalipokomea.

"Hapa, mama?"

Mama mkwe akainamisha kichwa, akasikiliza, kidole kimoja kikitembea juu ya usukani.

"Hapo hapo. Usiguse."

Sikio hakugusa. Aliandika namba kwenye karatasi, akafungua mlango, akamwita daktari wa mifugo aje asikilize.